Saa Tisa na Nusu

Ami alipiga simu saa kumi za usiku kwa saa za Uholanzi. Kwao Wete ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Nilipoona jina lake kwenye kioo cha simu nilikaa kitako kitandani kwanza, ndipo nikapokea. Akatoa salamu, nikaitika. Akaniambia Bibi ametangulia mbele ya haki kabla ya adhana ya alfajiri, usingizini, kiganja chini ya shavu kama alivyozoea kulala. Halafu, kabla sijapata hata pumzi ya kulia, akaniuliza:

"Sasa mwanangu, tukungoje?"

Nikanyamaza.

"Maana ukitoka saa hii," akaendelea, "saa tisa unusu uko hapa. Tutamsalia baada ya alasiri. Wazee nimeshawaambia na wameridhia. Linalongojwa ni neno lako tu."

Saa tisa na nusu. Namba hiyo hakuitoa hewani. Niliwapa mimi.

Nilifika Enschede, mji ulio mashariki mwa Uholanzi karibu na mpaka wa Ujerumani, mwezi wa Septemba 2023, kusomea shahada ya uzamili katika mambo ya ramani na taarifa za kijiografia. Nyumbani nikiulizwa nasomea nini nilijibu "ramani", na jibu hilo lilimtosha kila mtu isipokuwa Bibi, ambaye alitaka kujua kwani ramani bado hazijamalizika kuchorwa.

Wiki za mwanzo tulipewa zoezi la kuandika programu fupi. Unaipa latitudo na longitudo za viwanja viwili vya ndege, nayo inakurudishia umbali kati yake na muda wa kuruka. Hesabu ya umbali ni kongwe. Mabaharia waliitumia kabla ndege haijafikiriwa. Unaichukulia dunia kuwa tufe ambalo kutoka kitovuni hadi juu ya ardhi ni kilomita 6,371, unatafuta pembe inayofanyika pale kitovuni baina ya pointi zako mbili, kisha unaigeuza pembe hiyo kuwa kilomita. Kweli dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo huko kwenye ncha, lakini kosa lake halizidi nusu ya asilimia hivi, na kwa zoezi la wanafunzi wapya hakuna anayekugombeza kwa hilo.

Muda ndio wenye ujanja. Programu ya aina hii haijui lolote kuhusu ndege. Inachukua ule umbali, inaugawa kwa kasi moja ya kukadiria, aghalabu maili 500 kwa saa, yaani kama kilomita 805, halafu inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Basi, imekwisha. Ukikuta mahali pameandikwa kwamba kutoka mji fulani hadi mji fulani ni saa kadhaa na dakika kadhaa, mpaka ile dakika ya mwisho, mara nyingi ujue nyuma yake pana mgawanyo huo wa darasa la tano na nusu saa ya kupachika. Zile dakika ndizo zinazotudanganya. Mtu angekwambia "kama saa tisa hivi" ungemuuliza maswali. Akikwambia saa 9 na dakika 27, unamwamini.

Wenzangu darasani waliweka London na New York, Jakarta na Amsterdam. Mimi niliweka Schiphol, kiwanja kikuu cha Uholanzi, na uwanja wa ndege wa Pemba, ule wa Chake Chake, ambao mwisho nilipoutumia tuliteremka kwenye ndege ya pangaboi tukatembea kwa miguu hadi kwenye jengo, na mtu wa mbele yangu amebeba jogoo. Hakuna ndege inayotoka Schiphol kwenda Pemba. Lakini programu haiulizi kama ipo. Ikajibu: kilomita 7,204. Saa 9, dakika 27.

Nikapiga picha ile skrini, nikaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu, na chini yake nikaandika: "Mwambieni Bibi niko saa tisa na nusu tu kutoka alipo."

Nilikuwa natania. Ilikuwa Oktoba, magharibi imeanza kuwahi, nilikuwa nakula peke yangu kwenye jiko la watu kumi na wawili wasiojuana majina, na namba ile ilinipoza mimi kabla ya kumpoza mtu mwingine. Shangazi alimsomea. Bibi hakuichukulia kama utani hata kidogo.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho msomaji wa Kiswahili anakijua lakini pengine, kama mimi, hajawahi kukitazama vizuri. Kwetu "saa tisa na nusu" ni mambo mawili. Ni urefu wa safari, na ni wakati wa mchana, jua limeshainama, alasiri inakaribia. Na kwa kuwa saa zetu tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza, mtu akiondoka asubuhi saa kumi na mbili akasafiri saa tisa na nusu, atafika saa tisa na nusu. Muda wa njiani na saa ya ukutani vinakuwa kitu kimoja. Mimi mwenye kompyuta sikuliona hilo. Bibi aliliona papo hapo. Tangu siku ile, Shangazi alinambia, kila mgeni aliyepita barazani aliambiwa, "Mjukuu wangu yuko Ulaya, lakini si mbali. Akitoka alfajiri, alasiri yuko hapa."

Bibi hakuwahi kupima safari kwa kilomita. Alipokuwa msichana alivushwa kwa jahazi kutoka Wete kwenda Tanga, na alipokuwa akinisimulia alisema walitweka baada ya isha, na adhana ya alfajiri ikawakuta wanaona taa za bara. Juu ya ramani hiyo ni kama kilomita 70, karibu moja kwa moja kwenda magharibi, kwa sababu Wete na Tanga ziko karibu kwenye latitudo moja. Nilipomwambia hivyo alikubali kwa adabu, kisha akaniuliza kilomita 70 za upepo gani.

Ndege alipanda safari moja tu ya kwenda na kurudi, kutoka Pemba hadi Unguja, alipokwenda kutolewa mtoto wa jicho. Ni kilomita kama 125, nusu saa. Mimi ndiye niliyempeleka. Alikaa dirishani, akafumba jicho lake zima na lile bovu pia, akaanza kuvuta uradi kwa tasbihi. Magurudumu yalipogusa chini alishtuka akanigeukia kama aliyedhulumiwa. "Tumeshafika? Hata mia tatu sijatimiza!" Kwa miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa hesabu yake ya ndege: Unguja ni tasbihi zisizotimia mia tatu.

Kwa nini Ami aliniuliza mimi, wakati nina kaka na binamu wa kutosha, na wengine wako Dar na Unguja, karibu zaidi? Kwanza Bibi ndiye aliyenilea, tangu baba yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu. Lakini kuna jingine.

Bibi alikuwa muosha maiti. Si kwa mshahara. Ni mmoja wa wale wanawake ambao mtaa mzima unajua kwamba likitokea jambo, wao ndio wataitwa kabla ya jua kupanda. Nilipofika miaka kumi na tisa akaanza kunichukua. Mara ya kwanza nilishika ndoo tu. Mara ya pili nilimwagia maji. Alinifundisha kuanza kuliani, kuhesabu witri, kumfunika aliyelala wakati wote kama vile anaona haya, kwa sababu, alisema, labda kweli anaona. Alinifundisha majani ya mkunazi na karafuumaiti, na vipande vitano vya sanda ya mwanamke. Lakini jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa maji. Yasiwe ya baridi. Yasiwe ya moto. Uyajaribu kwa kiwiko, si kwa vidole, kama unavyojaribu maji ya mtoto mchanga, kwa kuwa vidole vya mtu mzima vimeshazoea jiko.

Siku moja tunarudi kutoka msibani, nguo zimetulowa, akanambia bila hata kunitazama, "Muosha huoshwa. Mimi utaniosha weye." Nikasema, "Inshallah, Bibi." Akasema, "Si inshallah ya kukwepa." Nikasema, "Nitakuosha."

Ami aliijua ahadi hiyo. Wote waliijua. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amekaa barazani na simu sikioni, wazee wamemzunguka, wakimngoja msomi wao wa ramani aseme kama saa tisa na nusu ni kweli.

Nilimwambia, "Ami, nipe dakika tano nitazame."

Nikafungua kompyuta. Kumbe ndani ya dakika tano mtu anaweza kujifunza kitu ambacho muhula mzima hakukijua. Ule mstari wa kilomita 7,204, ukiufuata juu ya tufe, unakatiza Ujerumani na milima ya Alpi, unashuka katika bahari iliyo kati ya Italia na Ugiriki, unaingia Libya upande wa mashariki, na nusu yake kamili inaangukia katika jangwa la magharibi mwa Misri, mahali pasipo mtu. Kisha Sudan. Ilikuwa Februari 2024, na sehemu kubwa ya anga ya Sudan ilikuwa imefungwa kwa ndege za abiria tangu vita vilipoanza Aprili 2023. Libya nayo ndege za Ulaya zinaikwepa. Yaani hata kama angejitokeza tajiri akanipa ndege yangu peke yangu asubuhi ile, huo mstari wangu mnyoofu usingeruka juu yake. Ungelazimika kupinda kuelekea Bahari ya Shamu.

Lakini kupinda si ndiko kulikokuwa tatizo. Tiketi ya mapema niliyoiona ilikuwa ya kupitia Istanbul: kuondoka Schiphol saa nane mchana, kushuka Istanbul usiku, kupanda nyingine na kutua Unguja saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu za usiku. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha kungoja ndege ndogo ya asubuhi ya kwenda Pemba, na kutua Chake saa nne.

Nikajumlisha umbali wa vipande vyote vitatu. Kama kilomita 7,700. Ni kilomita mia tano tu zaidi ya ule mstari ambao hauruki. Nikajumlisha muda wa kuwa hewani: saa tatu na nusu, saa saba, nusu saa. Kumi na moja. Programu yangu haikuwa imekosea sana, mnaona. Ila tangu simu ya Ami hadi magurudumu kugusa Pemba zilikuwa saa 28, na kumi na saba kati yake ni za kukaa: kungoja treni ya kwanza, kungoja mizigo, kungoja mstari wa pasipoti, kungoja Istanbul, kungoja pambazuko la Unguja kwenye kiti cha chuma. Hizo hazina mlinganyo. Nilikuwa nimeandika programu inayohesabu ile sehemu ya safari ambayo kila mtu anaweza kuihesabu.

Nikampigia Ami.

"Ami, si leo. Nikiondoka sasa nitafika kesho saa nne asubuhi."

"Kesho?" Nikamsikia akiwageukia wazee. Akarudi. "Si mlisema saa tisa unusu?"

Alisema "mlisema", kama vile nilikuwa serikali.

"Ile ni hesabu ya ndege ambayo haipo, Ami."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo mpaka leo nikilala vibaya ndilo linalonijia. "Basi kesho saa nne tunaweza. Tutatafuta barafu. Dhambi si kubwa, alikuwa akikutaka weye."

Ingekuwa rahisi zaidi kama angeniambia haiwezekani. Maneno ya dini yangenikatalia, au desturi, au joto la kaskazi la Februari. Lakini mwanamume aliyefiwa na mama yake alikuwa tayari kumlaza ndani siku nzima na usiku kucha kwa ajili ya ahadi ya mtu mwingine, na kilichobakia ni mimi kusema ndiyo.

Niliifikiria tiketi, ambayo bei yake ilizidi posho yangu ya mwezi mzima. Niliifikiria ile saa moja ya kubadilisha ndege Istanbul, na kwamba ikichelewa kidogo tu, saa nne inakuwa alasiri, na alasiri inakuwa kesho kutwa. Na nilimfikiria Bibi msibani, akiwaharakisha wanaume kwa sauti ya chini, akisema kumchelewesha maiti si kumpenda, ni kujipenda. Ningependa kuandika kwamba ni hilo la tatu ndilo lililoamua. Sina hakika. Yalikuja yote matatu kwa pamoja, na lile la fedha lilikuja la kwanza.

"Msiningoje, Ami."

"Una uhakika?"

"Msiningoje. Mwenyewe angekuwa hai angetugombeza."

"Haya, mwanangu," akasema. "Haya." Na hapo ndipo alipolia yeye.

Kama saa mbili baadaye simu ikaita tena. Shangazi. Hakunisalimu. "Ufunguo wa kasha uko wapi?"

Bibi alikuwa amejiwekea kila kitu chake tayari kwenye kasha chini ya kitanda: sanda ambayo jirani alimletea kutoka Makka ikiwa imechovywa katika maji ya zamzam, pamba, karafuumaiti, udi, chupa ya marashi. Kila mtu alijua kasha lipo. Ufunguo alionyeshwa muosha peke yake.

"Kopo la maziwa," nikasema. "Lile lenye vifungo na nyuzi za cherehani. Chini kabisa, umefungwa kwenye kitambaa cha kijani."

Nikasikia kopo likimwagwa sakafuni, vifungo vikitawanyika. Nikasikia mtu akisema, "Huu hapa." Mwanga ndani ya nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa umbali ule sauti yangu iliwafikia katika sehemu ndogo ya sekunde. Sijui kwa nini hesabu hiyo nayo niliifanya. Nadhani nilitaka kujua kuna kitu changu chochote kilichofika kwa wakati.

"Nani ataosha?" nikauliza.

"Binti wa ami yako. Na mimi."

Binti wa Ami ni mdogo wangu kwa miaka minne. Hajawahi kushika hata ndoo. Nikataka kumwambia Shangazi ampe simu nimweleze, lakini ameshakata.

Ujumbe wa Ami ulinifikia saa tano na dakika kumi asubuhi, kwao saa saba na kumi. "Tumeshamstiri. Watu walikuwa wengi. Alhamdulillah." Nilikuwa maktaba. Sijui nilifuata nini maktaba. Nadhani nilitaka kuwa mahali ambapo haikubaliki kulia kwa sauti. Nikarudi chumbani kumsalia sala ya ghaibu, ambayo sisi Mashafi tunairuhusu kwa aliyefia mbali. Ilibidi nitafute kibla upya, maana kitanda nilikuwa nimekihamisha kwa ajili ya baridi ya dirishani.

Kuna jambo kuhusu kibla ambalo nililijua shuleni nikalisahau. Makka na Pemba ziko karibu kabisa juu ya longitudo moja, digrii 39.8 mashariki. Ndiyo maana kwetu kibla ni kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akiielekea kaskazini. Kutoka Enschede, Makka iko digrii 128 ukihesabu kutoka kaskazini, upande wa kusini-mashariki. Pemba iko digrii 143. Tofauti ni digrii 15, kama upana wa ngumi na nusu ukinyoosha mkono mbele yako. Nikasimama, nikaelekea 128, nikapiga takbira nne. Nilipotoa salamu kuliani, uso wangu ulipita 143.

Wiki iliyofuata mwalimu wetu alirudisha madaftari ya mradi mwingine na akaitaja ile programu yangu ya viwanja kuwa mfano wa kazi safi. Mwenzangu mmoja kutoka Indonesia, ambaye pia aliwahi kumzika babu yake kwa simu, alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Hakusema kitu. Baada ya kipindi tukaenda kula viazi, tukabishana kuhusu pilipili.

Baadaye niliirudia programu ile. Nilijaribu kuifanya iwe mkweli. Nikaingiza ratiba halisi, muda wa kubadilisha ndege, treni. Nikajifunza kwamba hata muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa kuruka. Unahesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inapoegeshwa tena, ikiwemo ile foleni ya kungoja njia ya kurukia, na mashirika huongeza dakika za akiba juu yake yasionekane yamechelewa. Kila nilichoongeza kiliifanya namba iwe kubwa na ngumu zaidi kuisema kwa mgeni wa barazani. Nikaiacha. Bado ipo kwenye kompyuta yangu, na ukiipa Schiphol na Pemba bado inajibu saa 9 na dakika 27 bila kusita.

Nilikwenda nyumbani Julai. Tiketi niliinunua mapema, kwa bei nafuu, na sikuwa na haraka yoyote. Unguja nilingoja kwenye kiti cha chuma mpaka kukakucha, nikapanda ndege ndogo, nikapewa kiti cha nyuma ya rubani. Mkondo ulikuwa umetulia, rangi mbili, buluu ya kina kirefu na ile ya kijani kwenye miamba. Nilianza uradi kwa vidole, nikihesabu pingili. Nilifika mia moja na kitu, msitu wa Ngezi ukaonekana kwa mbali kaskazini, au nilidhani ndio, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, na tukawa tunashuka.

Ami alikuwa nje ya uwanja na gari lake lililochakaa. Tulishikana mikono, nikambusu mkono, hakuna aliyesema kitu mpaka mzigo ulipoingia ndani.

"Umetumia saa ngapi jumla?"

"Ishirini na tano."

Akawasha gari. Likakataa. Akawasha tena. "Mama alikuwa akisema tisa unusu," akasema, na sikuweza kujua kama ananilaumu au anamkumbuka tu.

Kutoka Chake hadi Wete ni kama kilomita thelathini. Tulitumia zaidi ya saa moja, kwa sababu alisimama kununua mkate, na pia kwa sababu karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka pembeni mwa njia na kila mtu aliyekuwa akizigeuza alitaka kutupungia, na baadhi yao walitaka kunipa pole, na pole ya miezi mitano haipokelewi dirishani gari likitembea.

Usiku, baada ya isha, binti wa Ami alikuja na mto wake kulala chumbani kwa Bibi pamoja nami. Taa tulikuwa tumeshazima. Alianza kunisimulia bila kuulizwa, kwa mpangilio, kama anayetoa hesabu ya fedha alizokabidhiwa. Nani alishika ndoo. Nani alisimama kichwani. Kwamba walianza kuliani. Kwamba hesabu iliwatatiza wakaongeza moja ili iwe witri. Kwamba aliogopa alipomgeuza, kisha hakuogopa tena. Kwamba sanda ilikuwa inanukia kasha.

Nikamuuliza, "Na maji?"

"Vuguvugu," akasema. "Shangazi alitia kidole akasema tayari. Nikamkataza. Nikayajaribu kwa kiwiko."

"Nani alikufundisha?"

"Mwenyewe. Ulipoondoka alianza kunichukua mimi."